Mkate wa Kerege Uliokuwa na Maandishi

Bagamoyo,
Jumapili, baada ya alasiri

Mke wangu Mama Hidaya,

Amani ya Mungu ikukute hapo Ujiji ukiwa mzima wewe na wote wa nyumbani. Mgongo wa mama mkwe umepoa? Na paa la jikoni, lile ambalo fundi aliapa halitavuja tena, limeshaanza? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini ni ule ukondefu wa heshima, wa mtu mwenye shughuli.

Utauliza, barua ya nini na simu ipo? Kwa sababu nikikupigia, nikifika penye utamu unaniambia "subiri nigeuze mboga," na ukirudi mboga imeiva, salio limekwisha. Nimempa barua hii binamu yako, dereva wa lori. Nimemkataza kuisoma, kwa hiyo ataisoma.

Nikukumbushe kilichonileta huku. Bi Zuwena, yule muuza vitambaa ambaye wazee wake walitoka Omani, alifiwa na mama yake akiwa bado ananyonya. Baba yake kwa uchungu akachoma picha zote za marehemu. Ilibaki filamu moja tu, tangazo fupi la duka lao, lililokuwa likionyeshwa kwenye sinema ya mjini kabla ya picha yenyewe. Shangazi yake alimwambia kwamba mama alipita mbele ya kamera kwa bahati mbaya, na hawakumkata.

"Nataka uso tu," Bi Zuwena aliniambia. "Watu husema nimefanana naye. Najitazama kwenye kioo, namwona bibi kizee."

Kaka yako alisema kutafuta filamu zilizopotea ni kazi ya mtu aliyekosa mbuzi wa kutafuta. Sikumjibu siku ile. Namjibu leo.

Jengo la sinema sasa ni ghala la saruji, na vilivyokuwamo viliuzwa zamani. Mimi huwa siulizi filamu. Ukimuuliza mtu filamu atakwambia hana, hata kama ameikalia. Nauliza viti. Kiti cha sinema hakifi, kinahama tu. Basi nikauliza viti, nikaelekezwa huku na huku, mpaka nikavikuta Kerege kwenye hoteli moja ya chai kando ya barabara. Vimefungwa safu kwa safu, na wateja wameketi na vikombe mkononi wakiutazama ukuta, utadhani wanangoja picha ianze.

Mwenye hoteli akasema, "Baba yangu alinunua viti tu, mzee. Filamu hatukuziona."

Nikaketi kwa huzuni, nikaagiza chai na mkate wa kumimina. Mkate wenyewe laini, nazi imekolea. Unanijua, mkate siuli kabla sijaugeuza nione kama umeungua. Nikaugeuza. Chini yake kulikuwa na herufi zimevimba. Nikaagiza kipande kingine, nacho kina herufi. Nikaagiza mkate mzima.

Mhudumu akaniuliza, "Mzee, unakula au unasoma?"

"Vyote viwili," nikamwambia.

Yalikuwa maneno ya Kizungu: weka mbali na moto. Ni onyo linalogongwa kwenye makopo ya bati ya filamu. Na humo ndani ya kopo hilo mtu alikuwa akioka mkate, makaa chini, makaa juu!

Mwokaji ni mke wa mwenye hoteli. Akanitolea kopo bila wasiwasi. "Nimepewa na mama mkwe, Miono. Mume wangu hajui kitu kuhusu jikoni, usimwulize."

Nikaenda Miono. Huyo mkwe, Bi Mwanahawa, ni mkulima, mjane, ana maneno makali na moyo mwema. Nilipomuuliza mikanda iliyokuwa ndani ya makopo yaliyokuja pamoja na viti, akanipeleka shambani kwa fahari. Ilikuwa imetandwa juu ya mpunga, kijiti hadi kijiti, inapepea na kumetameta. "Inafukuza ndege vizuri sana," akasema. Nikashika mmoja, nikautazama kwenye mwanga. Mweupe, kama maji. Jua lilikwishakula watu wote waliokuwamo.

Nikakaa chini pale pale.

"Umefiwa?" akaniuliza.

Nikamweleza habari za Bi Zuwena. Akasema, "Kuna kopo moja lilikataa kufunguka. Marehemu mume wangu aliliweka chini ya mguu wa kitanda changu, maana sakafu imekwenda upande. Lakini kitanda changu hakisogezwi. Alikipima mwenyewe."

Nikambembeleza hadi akakubali, kwa sharti moja: kiinuliwe yeye akiwa juu yake, ili aone kama tunamdanganya. Tukaita majirani, tukainua.

"Bibi, leo unaolewa tena!" jirani mmoja akasema.

"Na nani? Wewe usiye hata na kuku?"

Nikachomoa kopo, nikaingiza kipande cha mbao ya mninga nilichokichonga kwa kimo kile kile. Akajilaza, akageuka huku, akageuka kule, sisi tunangoja hukumu. "Haya," akasema. "Mpelekee mtu mama yake."

Kopo lilipofunguka lilinuka siki, dalili ya filamu inayooza. Mwanzo wa mkanda uligandamana, ukakatika mikononi mwangu, na hofu iliyonipata siwezi kuieleza. Nilisafisha taratibu uliobaki, wenye picha za duka la vitambaa, bila kujua kama uso ule ulikuwa katika nilichookoa au katika nilichotupa.

Jana mchana tukafunga madirisha ya Bi Zuwena, nikawasha mashine yangu, nikaelekeza ukutani. Haina sauti. Akatokea mwanamume anapima kitambaa kwa mkono. "Baba!" Bi Zuwena akacheka. "Kumbe alikuwa na nywele!" Kisha mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia binti na sinia la kahawa. Akaiona kamera. Akataka kujifunika mtandio, mikono imejaa, akashindwa, akacheka. Ana mwanya. Akatoweka.

Bi Zuwena akaendelea kuutazama ukuta. Nikarudisha mkanda mwanzo bila kuambiwa. Binti alipoingia mara ya pili, yule bibi, ambaye ana wajukuu wakubwa kuliko binti yule, akainuka kwenye kiti, akajitengeneza mtandio, akasema:

"Shikamoo, mama."

Binti akaendelea kucheka ukutani. Nami nikajishughulisha na mashine ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Mzigo umenishuka kifuani, mke wangu. Leo nimelala mchana kama mtoto.

Mpe mama mkwe shikamoo yangu na pole ya mgongo. Hidaya mbusu kwa niaba yangu, hata akikataa. Kaka yako, yule mtaalamu wa mbuzi, msomee barua hii taratibu, na ukifika pale Bi Zuwena anapomwamkia mama yake, mtazame usoni. Jirani yetu mshona viatu msalimie pia.

Ni mimi mumeo, niliye mbali na mboga zako,
Baba Hidaya