Kanga Mbili Juu ya Kompyuta

Mama mpenzi, shikamoo.

Nipo Visiga kwa wifi yako, nimeshiba mihogo ya nazi. Mwanawe Hamisi ana kompyuta sebuleni isiyozimwa usiku wala mchana. Anasema ni ya mtandao wa blokcheni: kompyuta nyingi duniani zinatunza kumbukumbu zilezile, kila moja na nakala yake, zikichungana zisidanganyane. Nimemuuliza maswali mpaka akanikimbia.

Jana mvua ilitokea upande wa Kisarawe na radi zake. Unamjua Shangazi: alichomoa friji, akachomoa televisheni, akafunika kioo kwa kanga. Alipoifikia ile kompyuta, Hamisi akapiga kelele kutoka uani, "Mama, hiyo usiizime!" Basi hakuizima. Aliifunika kanga, tena mbili. Haikuchukua muda ikapata joto, ikajizima yenyewe.

Hamisi alishika kichwa. Kwenye mtandao wao, mashine inayopotea ovyo huondolewa. Mvua ilipokatika akaiwasha, sote tukaikodolea macho. Kumbe kitu cha kwanza inachofanya ni kuwauliza wenzake mambo yaliyoipita, nao wanaipa yote, moja baada ya jingine.

Shangazi akauliza, "Na hawaigombezi?"

"Hawaigombezi, mama."

Akacheka, akakunja kanga zake.

Mama, nimekuwa mbali siku nyingi. Nikifika nitaanzia jikoni kwako. Unipe yote yaliyonipita, na usinigombeze.

Mwanao akupendaye,
Zuhura