Kobe Bado Ameinua Mkono

Karakana ya Mipira ya Mafuta,
Nyuma ya Ghala la Mbao,
Jumamosi, tarehe 14 Agosti.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu nyingi kutoka uani kwetu. Hujambo wewe na nyumba yako? Shemeji hajambo? Mapacha wanaendeleaje na shule? Na kile kikohozi chako, kimeondoka au bado unakiita mafua ili usiende kwa daktari? Sisi huku ni wazima wa mwili. Mama anakula, analala, na juzi amenigombeza kwa kuacha sufuria na masizi, kwa hiyo ujue amerudi kuwa mama.

Katika barua yako uliuliza swali moja tu la maana, nalo ukaliandika chini kabisa, kwa haraka, kama mtu anayekimbilia basi. Kwa nini Kobe, mashine ya baba ya kupakia mchanga, bado yupo uani, na mwenye machimbo ya mchanga anamtaka tangu mwezi wa nne? Nitakujibu, ila jibu ni refu, na sehemu yake sijamwambia mtu yeyote.

Habari ya kifo cha baba unaijua, lakini kuna jambo hukuambiwa kwenye simu. Asubuhi ile alikuwa akipakia mchanga kwenye lori. Alizima injini, akateremka kunywa maji, akaketi juu ya kreti, basi. Fundi wa kuchomelea ndiye aliyemkuta. Na kijiko cha Kobe kilikuwa juu, kimejaa mchanga. Baba yetu, kaka, aliyetupigia kelele tangu tukiwa wadogo: shusha kabla hujashuka. Miaka thelathini hakuwahi kuuacha mzigo hewani, hata kwa kwenda msalani.

Siku ya pili baada ya mazishi mama akatupa maana yake. Alisema, "Baba yenu angekuwa amemaliza, angeshusha." Akachukua chaki, akapiga mstari kwenye ukuta wa ghala, sawasawa na mdomo wa kijiko, na akakataza mtu yeyote asiguse mashine.

Wewe mwalimu wa historia huenda umesahau jinsi mafuta yanavyobeba mzigo, ngoja nikukumbushe. Yale mabomba mawili ya sindano, kaka, yaliyounganishwa kwa kimpira na kujazwa mafuta. Mimi nilipewa jembamba, wewe ukajichagulia nene kwa sababu ya ukubwa wako. Nilisukuma kwa kidole gumba, na wewe kwa mikono miwili ukashindwa kunizuia, ukanuna mpaka jioni. Baba alisema mafuta yaliyofungiwa ukiyasukuma mahali pamoja, msukumo unafika kila mahali, haupungui njiani. Ndiyo maana penye nafasi pana hubeba mzigo mkubwa. Lakini akatuonyesha pia kwamba kidole changu kilikwenda mbali na bomba lako likasogea kidogo tu. Hakuna cha bure, alisema.

Kobe naye ni hivyohivyo. Pampu inasukuma mafuta, yanaingia kwenye silinda, pistoni inapanda na mkono unainuka. Ukirudisha liva katikati, njia inafungwa. Hata injini ukiizima, mafuta yanabaki yamebanwa mle ndani, yamebeba mzigo kimya, na mpira unaoyapitisha unakuwa mgumu kama mfupa.

Mama aliyajua hayo yote kwa kuishi na baba. Kila alasiri alitoa kiti chake, akakiweka chini ya mkono wa Kobe, akaushika ule mpira. Alisema ndani mle umo msukumo wa mwisho wa baba. Alimpa habari za siku, nani kaja, nani kaoa. Mimi nilikuwa nikimsikia kutoka karakana, nikakata mipira ya wateja kwa urefu usiofaa.

Sasa sikiliza. Hakuna sili, ile pete inayozuia mafuta yasipite kwenye pistoni, isiyochoka. Mafuta hupenya taratibu pembeni ya pistoni, na mkono huteremka wenyewe. Wiki ya kwanza kijiko kilishuka vidole viwili chini ya chaki. Mama aliona. Akasema baba anachoka, na hakula siku tatu. Jumamosi, alipokwenda kwa mama mdogo, nilipanda, nikawasha, nikainua hadi kwenye mstari, nikazima. Aliporudi alitazama ukutani, akaomba chakula.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilifika miezi minne. Kila Jumamosi vidole viwili. Mafuta ya baba yalikwisha kupita kwenye sili zamani, yakarudi kwenye tangi. Presha aliyokuwa akiishika mama na kuiambia habari za mtaa ilikuwa yangu. Nilikuwa nikiona haya kama mtu aliyevaa nguo za marehemu, na bado sikuacha.

Kilichonitoa kwenye uongo huo ni mpira wenyewe. Mwezi uliopita niliona ngozi yake imepasuka, nyuzi za chuma zinachungulia, na mafuta yanatoka kama jasho. Hii ndiyo kazi yangu, najua mwisho wake. Mafuta yenye presha yakitoka kwenye tundu dogo hayaonekani kwa macho, na hupenya ngozi. Mtu hudhani amechomwa na mwiba, kesho yake hospitali wanazungumzia kukata mkono. Baba alitafuta uvujaji kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa kiganja. Na mama kiganja chake kilikuwa palepale kila siku, na zaidi ya tani ya chuma na mchanga juu ya kichwa chake.

Jumamosi iliyofuata nilisimamisha ile nguzo ya chuma ya baba, nikauteremsha mkono ukaegemea juu yake. Nikazima injini, nikachezesha liva mpaka presha yote ikaisha. Nilitaka kubadilisha mpira, nitoe nguzo, nirudishe kila kitu kwenye chaki kabla hajarudi. Mama mdogo siku hiyo hakuwa nyumbani. Nilikuwa nimeinama natafuta spana, na nilipoinuka, mama alikuwa amesimama pale, ameushika mpira, nao umelegea mkononi mwake kama utumbo.

Nilidhani atalia. Aliubonyeza mara mbili, tatu, akaniuliza, "Amemaliza saa ngapi?"

Nikamjibu saa nne. Sijui nilikoitoa.

"Basi mshushie," akasema. "Hakupenda kuacha kitu juu."

Akachukua kiti chake, akakirudisha ndani. Nilifunga mpira mpya, nikatoa nguzo, nikashusha. Kijiko kilipogusa ardhi ndipo nilipoona nyasi zimeota kwenye ule mchanga. Tangu siku hiyo mama ni mzima, na laiti barua ingeishia hapa.

Mgonjwa ni mimi. Jumamosi iliyofuata mama aliondoka kama kawaida, na nikajikuta nimekaa kwenye kiti cha baba, nimewasha injini, kijiko kiko kwenye chaki. Hakuna aliyeniomba. Nikateremka, nikakaa chini kabisa, nikaushika mpira. Ni mpira nilioukata kwa mkono wangu, mafuta nimeyamwaga mwenyewe, na liva nimeivuta mwenyewe. Najua kabisa nani amesukuma. Hata hivyo nilimpa habari za siku, na nilingoja.

Jumamosi mbili zilizofuata nilishusha kabla mama hajarudi. Leo nimeshindwa. Nimepanda mara tatu, nimeishika liva, mkono wangu hauendi. Nikishusha mimi nitakuwa nimesema amemaliza, na mimi nilikuwa karakana asubuhi ile, hatua ishirini kutoka kwenye lile kreti, sikutoka hata kumpelekea maji. Nguzo imelala ukutani. Sijaisimamisha, kwa sababu nikiisimamisha mpira utalegea. Ninaogopa, kaka.

Mwenye machimbo anatuma dereva mwisho wa mwezi, na hawezi kumwondoa Kobe akiwa hivi. Wewe hukuwahi mazishi, na sikulaumu, mbali ni mbali. Lakini wewe ndiye mkubwa, na hukuwapo, huna uongo wowote pale. Njoo ushushe. Liva ni ya kulia, unaisukuma mbele polepole, haitaki nguvu.

Nisalimie sana shemeji, na mapacha uwabusu mashavuni. Mama mdogo anakusalimu, fundi wa kuchomelea naye anasema bado anayo kofia yako. Mola akulinde na akufungulie njia ya kuja.

Ni mimi nikupendaye na kukungoja,
Dada yako.

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha mama aliporudi. Ameuona mkono uko juu. Ameingia ndani, ametoka na kile kiti chake, ameniletea mimi. Fanya haraka.