Fahali wa Kumi

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Siku kumi na moja! Tarehe kumi na nne mchezo wetu wa kompyuta na simu unatoka kwenye majaribio. Miaka miwili watu wameununua ukiwa nusu, wakiucheza huku mimi na Griffin tukiendelea kuujenga chumbani kwangu hapa mjini, mtaa wa Shieywe. Mimi nachora, yeye anaandika programu. Leo nimemaliza kumchora fahali wa kumi. Wa mwisho! Nimecheza isikuti, ngoma yetu ya sherehe, peke yangu katikati ya chumba mpaka jirani akagonga ukuta.

Nijisifu kidogo, hakuna anayesoma. Mchezo ni wa mtindo wa zamani kabisa — picha za vidoti vidoti, muziki wa tii-tii-tii. Una ndama wako. Unamtembeza kijiji hadi kijiji apigane na mafahali wa watu, zamu kwa zamu, mpaka awe bingwa. Anayegeuka na kukimbia ndiye ameshindwa, kama kwenye mapambano ya mafahali ya Khayega tu. Wachezaji elfu nane wamemaliza fahali tisa na wanamsubiri wa kumi. Wananitumia matusi ya upendo.

Wa kumi ni Tingatinga, fahali wa Baba. Nimemchora na ile pembe ya kushoto iliyopinda, na ile jeuri yake ya kutafuna huku anakukodolea macho. Jina nimeacha lilelile. Amenitoka vizuri mno!

Jumatano, 5 Novemba

Griffin ameitundika picha ya Tingatinga mtandaoni. Watu wamepagawa. Mmoja wa Poland anasema hajawahi kumwogopa ng'ombe wa vidoti.

Alhamisi, 6 Novemba

Lo.

Bravin ameiona picha. Bravin ni jirani yetu kule nyumbani, ndiye anayempigia Baba ngoma za isikuti siku ya pambano, na mchezo wangu haumtoki mkononi. Akakimbia kumwonyesha Baba. Alidhani anamfurahisha, maskini.

Baba kanipigia saa kumi na mbili asubuhi. Huwa ananiita "mama" kwa sababu nimepewa jina la mamake. Leo kaniita Jescah.

Nilisahau! Mtu anasahauje? Jumamosi tarehe kumi na tano Tingatinga anapambana na Dakika Mbili, fahali aliyepewa jina kwa muda anaohitaji kummaliza mwenzake. Na siku zinazotangulia pambano, neno "kushindwa" halitamkwi bomani kwetu. Hata timu ya Baba ikifungwa tunasema ilirudi nyumbani mapema. Sasa mimi, binti yake, nimepanga watu elfu nane wamshinde ng'ombe wake Ijumaa, siku moja kabla.

Aliniuliza swali moja tu.

"Ijumaa dunia yote inaikimbiza ng'ombe yangu. Jumamosi nikiitoa kwa zizi, niiambie nini?"

Nikamwambia nitaongea na Griffin.

Ijumaa, 7 Novemba

Griffin anasema tubadilishe jina. Dakika tano, kazi kwisha. Nikampigia Baba mbio, nimefurahi kama mjinga. Akanieleza polepole: fahali akishatangazwa halafu akatolewa uwanjani, huyo amekimbia. Watu wameshamwona. Nikimfuta nitakuwa nimemkimbiza kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwa hiyo hatoki. Na hashindwi. Na asiposhindwa, mchezo hauna mwisho, watu wamesubiri miaka miwili bure!

Griffin akasema basi tusogeze tarehe. Tumeshaisogeza mara tatu. Nikamwambia hiyo nayo ni kukimbia. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na hakuna aliyejua tunacheka nini.

Jumapili, 9 Novemba

Nimetoka kanisani moja kwa moja hadi nyumbani na laptop yangu. Mama kapika ingokho na obusuma, yaani kuku na ugali. Baba akala bila kuitazama hiyo laptop. Halafu akaitazama kidogo. Halafu akavuta kiti.

Akauliza shingo ya Tingatinga nimeipa nguvu ngapi. Arobaini. Akasema hiyo ni shingo ya mbuzi. Nikaweka sitini. Akacheza kwa kidole kimoja, ndama wake akamgusa Tingatinga mara moja, Baba akakasirika — ongeza! Tisini. Ndama akatimuliwa hadi kwenye miwa na Baba akapiga goti lake kwa furaha. Saa tatu nzima! Chai ikapoa, Mama akaiondoa. Griffin akatuma ujumbe kwamba kwa namba hizo hakuna binadamu atakayemaliza.

Jioni Baba akanipeleka zizini, sisi wawili tu. Nikamwambia ukweli: lazima pawe na njia moja. Hata moja.

Akaniambia siri. Tangu Tingatinga akiwa ndama, alikula ngoma ikipigwa. Anasukuma kwa sababu ya ngoma. Ikinyamaza, anaacha kila kitu na kugeuza kichwa kuitafuta. Bravin mwenyewe hajui, ameambiwa tu asinyamaze.

"Weka hiyo," akasema. "Lakini uizike ndani sana. Jumamosi ipite kwanza, mama."

Mama! Nimerudi mjini nikilia kwa raha. Hajawahi kunipa kitu kikubwa hivi.

Jumanne, 11 Novemba

Siri imeingia mchezoni: ngoma zikinyamaza, Tingatinga anageuka. Katika mapambano yote tisa, ngoma zako ndizo zinampa ndama wako nguvu. Nani ataziambia ngoma zake zinyamaze akiwa mbele ya Tingatinga? Hakuna! Mimi mwenyewe nisingeweza. Griffin kasema huu ni uchawi.

Ijumaa, 14 Novemba

TUMETOKA! Saa sita mchana, toleo kamili. Griffin alibonyeza, mimi nilifumba macho.

Saa nane — watu mia tatu wamefika kwa Tingatinga. Wote wamekimbizwa.

Saa kumi — elfu moja na zaidi. Wote! Wanapiga mayowe kwenye kundi la wachezaji. Wa Poland amejaribu mara arobaini, anasema anampenda na anamchukia. Bravin naye kachapwa mara kumi na tisa, anaapa hatalala.

Baba anapiga simu kila saa. "Mama, imekimbiza wangapi sasa?" Nasikia anamsomea Tingatinga hesabu kule zizini. Jamani, Baba yangu!

Jumamosi, 15 Novemba

Saa moja na nusu asubuhi, Khayega. Naandika nimeegemea lori lililomleta Tingatinga. Umati! Baba amevaa koti la harusi. Kila anayemsalimia anaambiwa kwamba dunia nzima imejaribu na dunia nzima imekimbia. Bravin macho mekundu, lakini ngoma yake inaunguruma vizuri.

Wameingia. Pembe zimekutana. Dakika ya kwanza imepita. Ya pili — imepita! Dakika Mbili anarudi nyuma, hatua, hatua nyingine! Baba anasukuma hewa kwa kifua.

Simu yangu inatetemeka. Ni Griffin: mtu amempata! Yule wa Poland. Alichoka akazinyamazisha ngoma ili asikie redio yake, na Tingatinga akageuka. Kundi zima linawaka, ujumbe unamfikia kila mchezaji.

Mchezo wangu una mwisho! Nataka kuruka. Nataka kumficha Baba simu hii mpaka —

Kila mchezaji.

Nimeangalia upande wa Bravin. Simu iko kiganjani, mdomo wazi, anasoma. Fimbo ya ngoma iko chini.

Kimya.

Tingatinga ameinua kichwa. Anaitafuta.

Baba naye ameona nilichokiona. Amenyakua debe tupu la maji kwenye lori, ananisukumia kifuani, "Piga, mama, piga," na daftari hili sina pa