Mkono Uliompa Baba Dawa

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, na pole kwa kazi. Natumaini wewe, shemeji na watoto mu wazima, na kile kikohozi cha kitinda mimba wenu kimekwisha. Mimi sijambo, ila cherehani na mgongo wangu havisikilizani. Baba anaendelea, na habari zake ndizo zilizonikalisha kuandika, maana kwenye simu nimeshindwa kuzisema.

Unakumbuka jambo hili lilivyoanza. Kidonda cha mguu wa Baba kiligoma kupona ingawa daktari alimwandikia vidonge, ukaniuliza ni nani anayempa. Nikakujibu ni Mama Mdogo. Ukaniambia nimtazame. Hukuwa na haja ya kunifafanulia. Tangu Baba amwoe baada ya Mama kufariki, mimi na wewe hatujawahi kumpa hata kigoda cha kukalia mioyoni mwetu.

Basi nikamtazama. Nilimwona akifunga mlango kila alipoingia kwa Baba na maji ya dawa. Siku moja nilimkuta jikoni anavunja kidonge kwa kisu. Aliponiona akasema Baba hawezi kukimeza kikiwa kizima. Nilimwitikia vizuri, nikatoka uani nikakupigia kwamba mwanamke huyu anampunja Baba dawa. Ukasema ulijua tangu zamani.

Alipokwenda sokoni niliingia chumbani kwao nikapekua. Nilitazama chini ya godoro, ndani ya sanduku lake, mpaka kwenye foronya. Sikuona kitu. Badala ya kutulia, nikasema moyoni kumbe ni mjanja kuliko tulivyodhani. Halafu likanijia wazo kwamba huenda vidonge vyenyewe amevibadilisha, ametuwekea bandia.

Ndipo nikachukua kimoja, nikampelekea Miwani, yule niliyesoma naye, ambaye siku hizi ni mtaalamu wa maabara pale hospitali. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama usaha wa kidonda umewahi kupimwa. Haukuwahi. Akataka Baba aletwe, akachukua usaha wake.

Majibu yalipotoka alinionyesha visahani viwili. Katika kimoja alikuwa ameotesha bakteria wa kawaida wa maabara na kuweka kipande cha kidonge chetu katikati. Pembeni mwa kile kipande palikuwa patupu, wote wamekufa. Kisahani cha pili kilikuwa na bakteria wa Baba, na kipande kingine cha kidonge kilekile. Hao walikuwa wamejaa mpaka wamekigusa kipande.

“Dawa ni nzima,” akaniambia. “Wa kushuku ni hawa.”

Akanieleza kwamba bakteria wale wana jeni ya kutengeneza pampu ya kutolea dawa nje ya miili yao. Kuwa na pampu wakati hakuna dawa ni kujichosha bure, kwa hiyo wana protini inayokaa juu ya jeni hiyo na kuizuia isifanye kazi. Dawa ikiingia, inajibandika kwenye ile protini, nayo inageuka umbo na kubanduka. Jeni ikiachiwa tu, pampu zinatengenezwa, na dawa inatemwa kabla haijawadhuru. Nikamuuliza kama ana maana kwamba vidonge vyetu ndivyo vilivyowaamsha. Akasema ndiyo, na kwamba hata ningempa mimi mwenyewe ingekuwa vilevile.

Aliposema hivyo nikainamisha uso. Dada, nilikuwa nimempa mimi. Kabla sijaenda maabara, nilimwambia Mama Mdogo apumzike, vidonge nitampa mimi, akanishukuru. Karibu wiki nzima Baba alimeza kutoka mkononi mwangu, nikimtazama, na kidonda kikazidi kunuka. Ulipopiga simu nilikujibu tu kwamba hali si nzuri, nikakuacha uendelee kumlaumu Mama Mdogo. Nilipaswa kukuambia kwamba si yeye. Badala yake nikatafuta kosa jingine la kumbandika, na hapo ndipo lilipotoka lile la vidonge bandia. Nilitaka awe yeye.

Daktari amebadilisha dawa. Kidonda kimekauka, na jana Baba alitembea mwenyewe mpaka mlangoni, akalalamika kwamba uani hapajafagiliwa. Kazi ya kumpa dawa imerudi kwa Mama Mdogo. Kumbe alijua nilimpekua. Foronya nilizirudisha ndani nje. Hajanisema kwa lolote. Ila kila saa ya dawa ikifika huniita kwanza, akafungua kiganja nione vidonge, ndipo akampa Baba. Nimemwomba aache. Akanijibu kwa upole, “Hapana, mwanangu. Tazama, umwambie na dada yako, naye apate usingizi.”

Nakuomba umpigie simu yeye, si mimi. Nisalimie shemeji, na watoto wabusu kwa niaba yangu mimi niliyewashonea nguo zikawabana. Baba anakusalimu. Mama Mdogo pia anakusalimu, na hilo sijalitunga.

Ni mimi mdogo wako,
Wa cherehani.