Mikono Yako Imenihamia

Yaya Mwansa, kaka yangu mukubwa,

Wewe umelala, hauna kazi tena, basi unisikilize. Nakuandikia kwa Kiswahili, hiki chetu cha kuuzia samaki kule Kasenga kwa Wabelgiji, kwa sababu mu nyumba yako hakuna mutu wa kukisoma. Bibi yako Bana Chola, mama wa watoto wako, anajua "franga ngapi" tu. Nikiandika Kibemba, kesho ukoo wote wa Nchelenge utakuwa mulangoni.

Mambo ni hivi. Mvua zilipokwisha, walinipa jina lako. Walinikalisha juu ya mukeka, wakanifunga shanga nyeupe mukononi, wakaniwekea kafi yako mapajani. Wazee wakasema, "Mwansa hakufa, huyu hapa." Tangu siku ile hakuna anayeniita Kabwe. Watoto wako wananiita Tata. Hata mama, Yaya! Mama aliyenizaa anakuja kuniuliza kama muguu ungali unauma, ule wako uliovunjika. Nikamujibu kwamba unauma kidogo. Ningesema nini?

Lakini jina halikuja peke yake. Unawajua watu wetu: alichopenda marehemu ndicho anachopewa mwenye kumurithi. Wengine wanarithi kichwa cha samaki. Mimi nilirithi kopo lako la kachasu, ile pombe kali ya nyumbani. Asubuhi kopo, nikitoka ziwani kopo, mugeni akija kopo, "Mwansa hakatai." Serikali imeikataza, lakini kapaso, askari wa chifu, akipita kutafuta mitungi naye anakalishwa na kupewa kopo. Nikimbilie wapi? Unakumbuka kule Kasenga uliponionjesha lutuku, kachasu yao, nikakohoa mpaka machozi? Ukasema, "Mudogo wangu, tumbo lako ni la mutoto, kunywa uji." Soko zima likanicheka. Natamani mungeendelea kunicheka.

Mwanzoni ilikuwa tamu, nisikufiche. Moto muzuri kifuani, baridi ya ziwa siisikii, na huzuni yako inakaa mbali kidogo. Halafu kopo moja likawa halitoshi. Halafu asubuhi moja nilikuwa nafumua nyavu, vidole vikakataa. Vinacheza vyenyewe. Jasho, kichefuchefu, moyo unapiga kana kwamba kiboko ananifukuza. Nikanywa, mikono ikatulia. Hapo nikajua nimekwisha. Sikuwa nakunywa nifurahi tena, nilikuwa nakunywa niweze kufunga kifungo cha shati.

Na wao? Vigelegele! Bana Chola alisikia kopo linagonga meno yangu, akalia kwa furaha, akaita majirani: "Njooni muone, bwana yangu amekuja kweli, hii ni mikono yake!" Wazee wakanipaka unga mweupe kwenye paji la uso, wakakushukuru. Nimekaa pale natetemeka na unga wangu usoni, na kila mutu ana raha. Aka, Yaya! Nilitaka kupiga kelele, nikakosa hata jina la kupigia kelele.

Nikafikiri niache mara moja, kama wewe. Lakini nilikuwepo, niliona. Uliapa kanisani, ukarudi ukavunja mitungi yote ya bibi yako, ukasema hautaonja tena. Tukakusifu sana. Siku chache tu ukaanza kutapika na kutetemeka. Ukaona samaki wanapanda ukutani, ukanituma niwafukuze na fagio, na mimi nikafagia ukuta mutupu ili utulie. Kisha ukakakamaa, macho yakageuka. Walisema ni wachawi wa ng'ambo ya ziwa. Tukakuzika na maneno hayo.

Basi nikaenda misheni kwa sista anayetibu wagonjwa, nikadai niko na malaria. Akaangalia mikono, akanusa, akasema hii si malaria. Nikamueleza yote, na kifo chako. Akaniambia hivi: kachasu inaulaza mwili. Mwili ukilazwa kila siku, unajifunza kusukuma kwa nguvu ili usizimike kabisa. Ukiondoa kachasu ghafla, ile nguvu inabaki inasukuma, hakuna cha kuizuia. Ndiyo kutetemeka, ndiyo samaki wa ukutani, ndiyo kifafa. Mutu akiacha tumbako, akasema, atakuwa mukali tu kwa watu wa nyumbani. Hii inaweza kuua. "Ndugu yako angepunguza kidogo kidogo, alale hapa tumuangalie."

Nililia mbele ya muzungu bila haya. Kumbe ulikufa kwa kuacha, Yaya. Ulikufa kwa sababu ulitaka kuwa mutu muzuri, na hakuna aliyetuambia.

Sasa napunguza. Sista ananitaka nilale kule, lakini nikilala misheni ukoo utasema natupa jina. Basi nachanganya maji, namwaga kidogo kwenye muchanga wasipoona. Usingizi hakuna. Nikisinzia naota nakunywa, naamka nimekasirika kwamba ilikuwa ndoto. Mazoea yana taabu, walisema kweli.

Jana nilitia uzi kwenye sindano ya nyavu mara ya kwanza, bila kukosea. Bana Chola alikuwa pembeni anapasua samaki wa kukausha. Kisu kikasimama. Akatazama mikono yangu imetulia, macho yakamujaa machozi. "Unaniacha tena," akasema. Akaingia ndani, akarudi na kopo limejaa mpaka mudomoni, akanishikisha kwa mikono miwili kama mutu anayeomba. Nikanywa nusu. Nilishindwa kukataa, na nilishindwa kumuambia kwa nini.

Maana nikimuambia, lazima nimuambie yote: kwamba haukurogwa, na kwamba kilichokuua kilitoka mu mitungi yake, alikupikia kwa mapenzi. Nikinyamaza, ataniua hivyo hivyo, kwa mapenzi hayo hayo.

Nitamuambia, Yaya. Nakuahidi. Kesho mbele ya kopo la asubuhi, na nitalia pamoja naye, kisha nitaomba anisindikize misheni yeye mwenyewe. Watoto wako nitawalea, jina lako nitalibeba mpaka nife. Ila mikono unirudishie, ni yangu.

Lala vizuri, mukubwa wangu.

Mudogo wako,
Kabwe