Siku Uliyokula Pilipili Yangu Sindo

Mama mpendwa,

Mvua imenyesha Rusinga tangu asubuhi, na nimekukumbuka ukicheka huku mkono umefunika pengo la jino lako.

Nilipokuja kwako kutoka Migori, mke wa mwanao, hakuna aliyeniita Robi. Nilikuwa nyar Kuria tu, binti wa Wakuria. Nilipika jikoni kwako, chini ya macho yako, samaki wa nyanya na chumvi, basi. Nami nimelelewa kwa pilipili. Kwetu hata maharagwe yalitiwa. Nikawa naanika zangu nyuma ya ghala na kuzila kwa siri mkishainuka. Nikadhani huoni.

Ndipo vikundi vya akina mama vikaandaa tamasha la vyakula vya pilipili kule Sindo. Ilikuwa miaka ile ya tisini magugu maji yalipoanza kuziba ziwa, samaki wakawa wa taabu, na kina mama wakawa wanatafuta lolote la kuvuta wateja. Ulirudi kutoka kanisani, ukasimama mlangoni.

"Robi, nimeandikisha jina yako. Utapika na ile kitu unaficha nyuma ya ghala."

"Mama, hiyo ni kali sana."

"Si wameitisha kali?"

Sindo tulipokewa na harufu kabla hatujauona uwanja. Watu walikuwa wakipiga chafya na kucheka. Kulikuwa na matumbo mekundu, dagaa wa omena wa kukaanga, na wasichana wa Oyugis wakichovya viazi vitamu kwenye mchuzi uliowatoa machozi wao wenyewe. Nilipika ngege, samaki wa ziwani kwetu. Wewe uliyesema umekuja kutazama tu ukawa unapuliza moto wangu.

Mama mmoja wa kikundi chetu alionja kwanza, akatema kwenye nyasi.

"Huyu nyar Kuria anataka kutuua!"

Uwanja ukaangua kicheko. Watu wakaanza kuipita sufuria yangu. Niliifunika, nikainama kama ninayetafuta kijiko, maana sikutaka unione. Nilitaka kwenda nyumbani, Mama, na nyumbani nilikotaka ni Migori. Wazo hilo nilikuwa nalo kwa miezi, wala mume wangu hakujua.

Ukainuka. Ukafunua sufuria, ukajipakulia samaki mzima na ugali. Nilikushika mkono, nikanong'ona, "Mama, tumbo lako." Ulikuwa na vidonda vya tumbo, na daktari wa Homa Bay alikukataza hata chai kali. Ukautoa mkono wangu polepole. Ukala. Machozi yakakutoka, kamasi zikakutoka, jasho likalowesha kitambaa chako cha kichwa, na hukuacha hata kichwa cha samaki. Kisha ukasema kwa Kiswahili, ili hata wageni wasikie:

"Nani amesema nyar Kuria? Huyu ni nyara. Ndiyo kusema, ni binti yangu. Mwenye anataka kula, alete sahani."

Wakaleta. Sufuria ikaisha. Zawadi walichukua wale wa matumbo, na sikujali.

Siku zilizofuata ulilala umejikunja, ukinywa maziwa, nami nikilia kando ya kitanda chako.

"Ulikula ya nini, Mama?"

"Nilikuona ukikunja nguo zako kwa begi," ukasema. "Nikajiuliza, sasa mimi nitakaa na nani?"

Halafu ukaongeza, "Usimwambie bwanako."

Sikumwambia. Nilienda nikazitoa zile nguo begini, moja moja, nikazitundika.

Sasa ni zamu yangu. Mjukuu wako Otieno, mwanangu, ametuletea mke, msichana kutoka Kitui. Anafanya kazi zote kabla sijamwagiza, anaitikia kila kitu, na anakula kama ndege. Leo mvua ilipokuwa ikinyesha nilimkuta jikoni anafuta macho, akasema ni moshi. Moto ulikuwa haujawashwa.

Wewe ungelijua la kumwambia, Mama. Nikavuta kigoda, nikamimina chai iliyobaki kwenye chupa, nikamuuliza, "Mama yako hupika nini mvua ikinyesha?"

Alinitazama kwanza kuona kama namtania. Kisha akaanza kunieleza habari za muthokoi, mahindi yao yaliyotwangwa, na nduguze, na mbuzi aliyewahi kuingia jikoni kwao. Mara akawa anacheka. Niliketi nikamsikiliza hadi chai ikapoa mikononi mwangu.

Ningependa ungekuwepo umsikie.

Pumzika salama, Mama.

Mkaza mwana wako,
Robi