Neno Kwenye Kadi ya Baba

Jumatatu, 10 Machi 2025

Zahanati na baba. Nesi kaandika kwenye kadi, penye mapigo ya moyo: pulse feeble. Njiani baba akauliza, wewe mwalimu wa Kiingereza, hilo neno la mwisho ndiyo nini? Nikamwambia uchovu. Uchovu tu! Akafurahi, akataka ndizi choma.

Mwoga mimi.

Jumanne, 11 Machi

Nimefungua kamusi kubwa ya ofisini. Feeble: dhaifu, hafifu, asiye na nguvu. Hata kisingizio kisicho na mashiko huitwa hivyo. Halafu chimbuko — Kifaransa cha kale, na kabla yake Kilatini: wa kuliliwa. Kumbe watu wa kale walimtazama asiye na nguvu wakaona wa kuliliwa! Nikalia palepale. Mwalimu Thobias akajifanya anatafuta chaki.

Kesho nitamwambia baba.

Alhamisi, 13 Machi

Sikumwambia. Anapalilia maharage huku anaimba.

Jumamosi, 15 Machi

Mungu wangu. Alfajiri jirani yetu Bukuru alipiga yowe: mkewe Evarista ana uchungu, mvua imekata barabara, bodaboda hazipiti. Wanaume wakatoka na ingobyi, machela yetu ya fito. Zamu ni zamu — ukikwepa leo, kesho nani atakubeba? Lakini baba ana miaka sabini na minne, walishamsamehe zamu. Akashika mti wa mbele! Bukuru anasema walimkataza, akawajibu: binti yangu kasoma kadi, ni uchovu tu.

Alifika nusu ya kilima. Akapiga magoti polepole ili mama yule asianguke. Kisha akalala kwenye tope.

Evarista kajifungua salama, mtoto wa kike. Kwa dakika moja nilikichukia kile kichanga. Mungu anisamehe. Kosa ni langu mimi.

Jumapili, 16 Machi

Midomo ya baba imebadilika rangi. Nesi kasema apelekwe hospitali leo leo. Nimemwambia yote, nimepiga magoti kando ya kitanda. Akasema, ningejua, nisingekwenda. Basi. Kageukia ukutani.

Ingobyi iko uani. Wanaume wengi wako misa, tumewatumia ujumbe. Waliofika ni watatu. Bukuru anasema tungoje wa nne. Tungoje! Mvua hiyo inakuja. Sijawahi kuona mwanamke akishika mti wa ingobyi, wala mama hajawahi. Nimefunga kanga kiunoni, nimemwambia Bukuru nasimama nyuma kushoto. Ananitazama. Kisha anasogea kushika mti wa mbele. Baba kasikia, anajaribu kuinuka, ananinyooshea mkono nimsaidie kufika kwenye ingobyi.